Uliza Fundi wa Mezani: mizani kwanza, bisibisi baadaye

Wadau habari zenu. Safari hii maswali mengi ni ya ugomvi. Kuna walionunua kitu hakifanyi kilichoandikwa kwenye boksi, kuna waliokifungua afu muuzaji akawaruka, na wawili watatu wanauliza tu mambo ya sodaringi (kuchomelea waya na vipande kwenye bodi) kama kawaida yetu. Nimeyachanganya makusudi, maana kwa mtu anayependa kuchezea vifaa hayo mambo hayaachani, multimita unayotumia kwenye projekti zako ndo itakayokubeba ukibishana na muuzaji, na bisibisi nayo ndo inaweza kukuharibia kesi yote kwa dakika mbili. Haya twende.

SWALI: Fundi, nimenunua pawabanki ya 20,000 mAh, simu yangu ina betri ya 5,000 mAh. Hesabu ya mtoto wa shule inasema nitajaza simu mara nne. Inajaza mara mbili na zaidi ya nusu kidogo afu inazima. Nimeshaandika malalamiko marefu nataka kuyatuma leo, nisaidie tu kuyaongezea makali. – Nimeibiwa Kweupe

JIBU: Mkuu usitume kwanza. Pawabanki yako iko sawa, na ukituma hayo malalamiko muuzaji anayejua kazi yake atakujibu kwa mistari miwili na utakosa pa kushika. Iko hivi, ile 20,000 mAh inahesabiwa kwa volti za seli za ndani ambazo ni 3.7, sio volti 5 zinazotoka kwenye tundu la USB. Kwahiyo chukua ampia-saa 20 (ndo hizo mAh 20,000) zidisha kwa 3.7 unapata wati-saa 74, na hiyo ndo namba ya kuiamini, mAh isiyotajiwa volti ni namba ya kuuzia tu. Kutoka kwenye 74 toa kinachopotea saketi ikipandisha volti, asilimia 10 hadi 15 hivi inaishia kuwa joto, zinabaki kama 64. Sasa njoo upande wa simu, 5,000 mAh kwa volti 3.85 ni wati-saa 19 na kidogo, ila simu nayo inapoteza wakati inajichaji kwahiyo mpaka ijae inaweza kuvuta kama 22. Gawanya 64 kwa 22 uone mwenyewe, haifiki tatu. Umepata ulichouziwa. Igeuze nyuma utafute yale maandishi ya kusomea kwa miwani, pawabanki nyingi za kueleweka zimeandika uwezo wa kutoa kwa volti 5 na mara nyingi utakuta 12,000 au 13,000 hivi. Mi naona hiyo ndogo ndo ilipaswa kukaa mbele kwa maandishi makubwa na hiyo 20,000 ikajifiche nyuma, lakini maoni yangu hayatakurudishia hela.

Ila kuna mwenzako kaniandikia ana ya "20,000" inayojaza simu mara moja tu na haimalizii hata ya pili. Huyo kapigwa, na uzuri wake anaweza kuthibitisha bila kufungua hata skrubu moja. Aiweke kwenye mizani, ile ya jikoni inatosha kabisa. Seli za lithiamu za kawaida, hata zile nzuri, zinabeba kama wati-saa 250 kwa kila kilo moja, kwahiyo wati-saa 74 zinataka karibu gramu 300 za seli peke yake, bado hujaweka boksi na bodi. Ukitaka njia nyingine chukua ile seli ya duara inayoitwa 18650, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, iliyo nzuri ina kama 3,500 mAh na uzito wa gramu 45 hadi 50, kufika 20,000 unahitaji sita. Sasa pawabanki nzima ikiwa na gramu 150 hizo seli sita zimekaa wapi? Na wale wa "100,000 mAh" inayoingia mfuko wa shati msinichekeshe, hizo ni wati-saa 370, kilo moja na nusu ya seli, afu kwenye ndege wanaruhusu mpaka wati-saa 100 bila kuomba ruhusa na ikizidi 160 hawataki kabisa kuiona mkononi kwa abiria, yaani kama lebo ingekuwa ya kweli ungeachwa uwanja wa ndege.

Baada ya mizani chukua mita ya USB, kile kidude kidogo kinachokaa katikati ya waya na kuhesabu. Jaza pawabanki mpaka mwisho, ichomeke kifaa cha kula umeme, iache iishe kabisa yenyewe, piga picha ya namba ya wati-saa mita ikiwa bado imechomekwa. Afu ndo uandike, na uandike kikavu hivi:

"Nimenunua pawabanki hii, oda namba fulani, tarehe fulani. Lebo inasema 20,000 mAh kwa volti 3.7, yaani wati-saa 74. Nimepima kwa mita ya USB, imetoa wati-saa 21 mpaka kuzima. Uzito wake wote ni gramu 148. Nimeambatanisha picha za lebo, mita na mizani. Bidhaa hailingani na maelezo, naomba kurudishiwa hela yote ndani ya siku 14."

Basi. Hamna "nyie wezi", hamna stori ya ulivyoumia. Anayesoma upande wa pili, awe muuzaji au mtu wa benki anayeshughulikia malalamiko ya kadi, ana foleni ndefu mbele yake na anatafuta namba moja ya kushika. Na yote yapite kwenye mfumo wa ujumbe wa pale pale uliponunulia, sio kwa simu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari na ahadi ya kwenye simu ni mali bila daftari. Halafu usikubali kamwe kufunga dai kwa sababu kakuambia "funga kwanza nikutumie nyingine", huo mchezo ni wa zamani, ukishafunga mara nyingi hulifungui tena na muda wa kulalamika unakatika wewe ukingoja mzigo ambao haujawahi kutumwa.

SWALI: Memori kadi yangu ya 1 TB nikiiweka kwenye kompyuta inasoma 1 TB vizuri kabisa, lakini video za zamani hazifunguki, mpya zinafunguka. Ni virusi? – Mpiga Picha

JIBU: Sio virusi, imechakachuliwa. Kompyuta haipimi kadi, inaiuliza tu "una ukubwa gani" na chipu inayoongoza kadi inajibu inachotaka, ukiiprogramu iseme 1 TB itasema 1 TB hata kama ndani kuna GB 32. Unaendelea kuandika mpaka nafasi halisi inaisha, kutoka hapo kadi nyingine zinarudi mwanzo kuandika juu ya vya zamani, nyingine zinatupa data huku zinakwambia imehifadhiwa. Ndo maana jina la faili unaliona na ukubwa wake unauona ila ndani takataka.

Nakili kwanza kila kinachofunguka ukiweke kwingine. Kisha tumia programu ya H2testw kama uko kwenye Windows, au F3 kama uko Linux au Mac, zote ni za bure, zinajaza kadi nzima kwa data zinazozijua afu zinaisoma tena na kukupa hesabu ya GB ngapi ni nzima na ngapi zimepotea. Kwa kadi inayodai 1 TB itachukua masaa mengi, wacha ilale nayo. Picha ya skrini ya jibu la mwisho ndo ushahidi wako na sijaona muuzaji anayeweza kuijibu. Wengi hawafanyi hii test siku ya kwanza, wanakuja kugundua muda wa kurudisha bidhaa umeshapita, na wanaotengeneza hizi kadi nadhani wanategemea hilo hilo maana kadi inakuwa nzima kabisa mpaka uijaze.

SWALI: Spika yangu ya Bluetooth ilizima baada ya miezi mitano. Mi napenda vifaa kwahiyo nikafungua kuangalia, nikachana kile kistika cha "ukitoa waranti imekufa". Ndani nimeona waya wa betri umeachia kwenye bodi, nahisi toka kiwandani hawakuuchomelea vizuri. Muuzaji kaona stika imechanika kakataa hata kusikiliza. Nimekosea? – Mdadisi

JIBU: Hapa kuna mambo mawili watu wanayachanganya, stika na ushahidi, ngoja niyatenganishe.

Stika yenyewe kisheria haina nguvu kama sura yake ilivyo. Marekani wana sheria ya waranti ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, na mwezi wa nne 2018 tume yao ya biashara, FTC, iliandikia makampuni sita barua za onyo kwa kuwaambia wateja kwamba waranti inakufa wakitumia vipuri au mafundi wa nje, na stika za aina hii zilikuwemo kwenye hiyo ishu. Umoja wa Ulaya wao wanambana muuzaji mwenyewe kwa miaka miwili, na kwa maelekezo yao ya 2019 kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza inachukuliwa ilikuwepo toka siku umekabidhiwa mzigo, anayetaka kupinga athibitishe yeye. Kwahiyo kitu cha kwanza tafuta sheria ya unapoishi inasemaje, na uangalie mambo mawili tofauti, kuna waranti ya mtengenezaji ambayo ni hiari yake na anaiwekea masharti yake, na kuna wajibu wa muuzaji ambao unatoka kwenye sheria na hausomi stika. Wauzaji wanapenda ujue hiyo ya kwanza tu.

Sasa ushahidi, na hapa ndo pagumu. Kabla hujafungua, spika iliyokufa ndani ya miezi mitano ilikuwa inajieleza yenyewe. Baada ya kufungua muuzaji ana sentensi moja tu ya kusema, "huo waya umeuvuta wewe", na hamna mtu wa tatu anayeweza kujua. Haimaanishi umeshindwa ila umempa mlango. Kwahiyo acha hapo hapo ulipo, USIUCHOMELEE huo waya hata kama mkono unawasha, najua unawasha. Piga picha ya karibu ya kile kiungo kwenye mwanga wa pembeni. Kiungo kilichoshika vizuri kikivunjwa kwa nguvu kwa kawaida kinaacha mabaki, risasi iliyochanika, nyuzi za waya zilizobaki, au hata kipande cha shaba kimebanduka kwenye bodi. Kiungo ambacho hakikuwahi kushika kinaonekana kama kidonge cha duara kimekaa juu juu, waya umetoka msafi na kaalama ka shimo ulipokuwa umelala. Mtu yeyote wa sodaringi akiona hiyo picha ya pili anajua. Weka na picha za skrubu na ndani nzima uonyeshe hamna unyevu wala alama za kuanguka, andika wazi kwamba ulifungua baada ya kuzima, usifiche, maana ukificha wakagundua hata yale ya kweli hawatayaamini.

Na nikwambie ukweli wangu, kama ni spika ndogo na unajua kushika pasi ya sodaringi, mara nyingine bora uchomelee waya wako uendelee na maisha. Mi nagombana kwa vitu ambavyo siwezi kuvitengeneza mwenyewe au vinavyoweza kuunguza mtu.

SWALI: Nimetengeneza bodi yangu ya kwanza yenye tundu la USB-C. Nikitumia waya wenye USB ya zamani upande mmoja inawaka, nikitumia C kwenda C haiwaki kabisa. Chaja mbovu? – Chipukizi

JIBU: Chaja nzima, bodi yako haijajitambulisha. Chaja ya USB-C haitoi umeme mpaka ione rezista ya kilo-omu 5.1 kutoka pini ya CC (ile chaja inayoitumia kukitambua kifaa) kwenda graundi. Weka mbili, CC1 na yake, CC2 na yake, usizifunge pamoja kwenye rezista moja. Na usijisikie vibaya maana Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ilipotoka 2019 ilikuwa na kosa hilo hilo la kushea rezista moja, nyaya zenye chipu ndani zikawa zinaidhania ni kifaa cha sauti na chaja inagoma kutoa umeme, wakarekebisha kwenye toleo la bodi lililofuata.

SWALI: Bodi yangu ya Arduino kompyuta haiioni. Nimeambiwa ni feki nirudishe. – Wa Draiva

JIBU: Badilisha waya kwanza. Nyaya kibao za USB ni za kuchaji tu hazina nyuzi za data, na watu wanarudisha bodi nzima kwa ajili ya waya. Kama bado, soma maandishi ya ile chipu karibu na tundu la USB, ikiwa CH340 weka draiva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na hiyo chipu) itaonekana. Na hiyo sio feki, michoro ya bodi ya Arduino iko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuitengeneza, kisichoruhusiwa ni kubandika jina na nembo yao. Ikiwa imeandikwa nembo yao na sio yao hapo ndo dai lako lipo.

Chipu feki ni habari nyingine. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI, watengenezaji wa chipu za USB, ilitoa draiva kupitia masasisho ya Windows, ikikuta chipu iliyoigizwa inaifuta namba ya utambulisho inaifanya sifuri, watu wakaamka vifaa vyao havionekani tena, na wengi wao hata hawakujua kama ndani kuna chipu ya kuigiza maana walinunua kifaa sio chipu. Kelele zikawa nyingi wakaiondoa. Mi mpaka leo naona ilikuwa ni kumchapa mtu wa mwisho kwenye mnyororo ambaye hakuwa na namna ya kujua.

SWALI: Nina soketi janja za Waifai, kampuni imefunga seva, apu inasema "haipatikani" na soketi zimebaki mapambo. Nidai hela au nizifufue? – Mwenye Soketi

JIBU: Dai kama bado uko ndani ya muda, ila usingoje. Mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima kifaa cha kuendeshea nyumba kilichoitwa Revolv, ambacho kampuni yake Nest iliinunua 2014, na waliokinunua walikuwa wameahidiwa huduma ya maisha, ikaja kuonekana maisha yaliyokuwa yanasemwa ni ya kifaa. Kwahiyo kabla ya kununua kitu kama hiki uliza swali moja, intaneti ikikatika kinafanya kazi? Kama jibu ni hapana hujanunua, umekodi.

Kufufua inawezekana ikiwa chipu ya ndani ni ESP8266 au ESP32, unaweka programu ya Tasmota au ESPHome badala ya ile ya kiwandani na inaongea na kompyuta yako ya nyumbani moja kwa moja bila seva ya mtu. Unaunganisha kidude cha siriali cha volti 3.3 sio 5, pini ya TX (kutuma) kwenda RX (kupokea) na RX kwenda TX, pini ya GPIO0 unaipeleka graundi wakati unawasha ndo inaingia kwenye hali ya kupokea programu. Ukikuta chipu nyingine usilazimishe, za siku hizi nyingi sio ESP. Na hili soma mara mbili, SOKETI ISIWE IMECHOMEKWA UKUTANI wakati unafanya hayo. Vifaa vingi vya aina hii havina kitenganishi kati ya umeme mkubwa na bodi, kile unachokiona kimeandikwa graundi kinaweza kuwa kimeungana na waya wa moto, utaiunguza kompyuta yako na wewe mwenyewe hutabaki salama. Umeme wa 3.3 unautoa kwenye kidude chako cha siriali.

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza taa za mezani zenye betri, seli nazitoa kwenye betri za laptopu zilizokufa na bodi ya kuchajia ni TP4056. Nimeuza tatu. Mteja mmoja anasema taa inapata moto sana chini ikichajiwa, anataka hela yake. Mi nasema kosa ni lake anatumia chaja ya simu ya haraka. Nimrudishie? – Kijana wa Taa

JIBU: Marahaba. Mrudishie, tena leo, na taa uichukue.

Hiyo sababu ya chaja ya haraka haisimami. Chaja ya haraka haipandishi volti mpaka kifaa kiombe, na TP4056 haijui kuomba, kwahiyo inapewa volti 5 kama chaja nyingine yoyote. Joto linatoka ndani ya taa yako. Hiyo chipu inashusha volti kwa kuzigeuza joto, seli ikiwa tupu kwenye volti 3 na chaji ya ampia 1, wati 2 zinaungua pale kwenye kachipu kadogo ndani ya boksi lililofungwa. Dawa yake rahisi, ile rezista ya kilo-omu 1.2 inayopanga ukubwa wa chaji weka ya 2.4 chaji inashuka mpaka nusu ampia.

Lakini hiyo ni kama inayopata moto ni chipu. Ikiwa ni seli ndo naogopa. Seli ya laptopu iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 haifufuliwi, inatupwa sehemu ya kukusanyia betri, na inayopata joto kwa chaji ya kawaida tu nayo inaenda huko huko. Fungua taa iliyorudi, hii ni yako hamna stika, gusa kipimajoto kwenye chipu na kwenye seli kila kimoja peke yake wakati inachaji ukiwa umekaa nayo. Angalia pia bodi yako ni ya aina gani, TP4056 zinauzwa aina mbili, yenye chipu ya ulinzi karibu na zile B+ na B- na isiyo nayo, isiyo nayo haikati seli ikinyonywa mpaka chini.

Na wale wateja wengine wawili wapigie saa hizi, waambie wasichaji usiku wamelala mpaka uzipitie zote.